Asiye na Maslahi na Asiyejali

Katika maneno ya Kiingereza yanayowatatiza hata wasomi wetu, neno "disinterested" halikosi kutajwa. Wengi hulitumia kana kwamba ni pacha wa "uninterested". Utamsikia mtu akisema kijana fulani ni "disinterested" katika masomo, akikusudia kwamba kijana huyo hana hamu nayo. Neno alilolihitaji ni lile la pili. La kwanza halisemi lolote juu ya hamu. Lasema kwamba mtu hana faida wala hasara yake binafsi katika jambo lililo mbele yake. Mwamuzi wa mpira apaswa kuwa "disinterested". Akiwa "uninterested", hata kosa la wazi litampita.

Chanzo cha utata ni neno "interest" lenyewe, ambalo ni mkoba mmoja uliobeba vitu vitatu. Fedha inayotozwa na benki juu ya mkopo huitwa hivyo. Fungu la mtu katika jambo huitwa hivyo. Na shauku ya kutaka kujua nayo huitwa hivyo. Kiswahili kimetuhurumia. Sisi tuna riba, tuna maslahi, na tuna hamu, kila kimoja na jina lake. Waingereza wenyewe hawakuwa na mpaka huo tangu mwanzo. Katika karne ya 17 "disinterested" liliweza kumaanisha kutojali, na "uninterested" likamaanisha kutopendelea. Kwa hiyo anayekosea leo hastahili kuchekwa. Hata hivyo, tofauti iliyojengwa baadaye na waandishi makini ina thamani, na thamani yake si ya sarufi peke yake.

Maana naona, ndugu msomaji, kwamba sisi ambao lugha yetu imeyatenga maneno, tumeyachanganya matendo. Tumezoea kudhani kwamba asiye na maslahi hana sababu ya kujali, na kwamba anayejali sana hapana budi ana lake jambo. Dhana hizi mbili zina madhara makubwa kuliko kosa lolote la msamiati.

Kwanza tukubali kwamba kutokuwa na maslahi ni jambo zito. Wahenga hawakukosea waliposema kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Huko Uingereza, bwana mmoja aitwaye Dimes alishitakiana na kampuni ya mfereji ya Grand Junction. Lord Cottenham, jaji mkuu kabisa wa mahakama iliyohusika, aliamua upande wa kampuni, kumbe mwenyewe alikuwa na hisa humo. Mwaka 1852 Baraza la Malodi lilitangua amri yake. Wenzake walisema wazi kwamba hakuna awezaye kudhani kuwa hisa zile zilimpotosha hata kidogo. Tena, kesi ilipopimwa kwa hoja zake, kampuni ilishinda vilevile! Lakini amri ya mwenye fungu haikuachwa isimame. Hapo ndipo utaona kwamba neno letu halimtuhumu mtu kwa wizi. Lauliza tu amekaa wapi.

Hapa kwetu, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilijaribu kuwaweka viongozi mahali pa namna hiyo: wasiwe na hisa katika kampuni, wasipokee mishahara miwili, wasiwe na nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1991 na mengi yamesemwa juu yake. Mimi naokota fundisho moja. Sharti laweza kumwondolea mtu maslahi, lakini haliwezi kumtia moyo wa kujali. Tuliwaona mameneja wa mashirika ya umma ambao hawakuwa na hisa hata moja, wala hawakuwa na habari kwamba ghala linavuja.

Katika chuo cha ualimu nilichokiongoza nilikuwa na wakufunzi wawili waliokuwa wakiwakagua wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha. Wa kwanza alijisifu kwamba hana upande. Aliketi nyuma ya darasa, akafungua gazeti, na mwisho wa kipindi kila mwanachuo alipata alama ileile ya katikati. Hakumpendelea mtu, ni kweli. Lakini hakumwona mtu pia. Wa pili alisoma andalio la somo mstari kwa mstari. Jioni aliketi na mwanachuo aliyeshindwa, wakalirudia somo zima kwa taa ya chemli, na kesho yake akamkagua upya na kumpa alama anayoistahili, hata kama bado ilikuwa ndogo. Unadhani ni nani aliyesemwa? Ni huyo wa pili. "Lazima wana undugu," walinong'ona. Hawakuwa na undugu wowote. Wanong'onaji hawakuwa na sanduku la kumtia mtu anayejali bila kula.

Pengine utaniuliza: je, mkufunzi huyo hakuwa na mshahara? Alikuwa nao. Lakini mwenzake mwenye gazeti alipata kama huo huo, na mwanachuo afaulu au ashindwe, tarehe ya mshahara haikubadilika. Kile alichokiongeza juu ya mshahara ndicho kinachoitwa "disinterested".

Wala sidai kwamba kila kazi inamtaka mtu wa namna hii. Mama hamnyonyeshi mwanawe kwa kutopendelea, na mkulima ana haki ya kulipenda shamba lake. Lakini anayesahihisha mitihani, anayegawa viwanja, anayesikiliza kesi, huyo lazima awe vyote viwili: asiwe na lake, na ajali kama lake.

Basi ukitaka kutumia maneno haya mawili bila kukosea, jiulize maswali mawili. "Atapata nini hapa?" Ikiwa jibu ni hakuna, andika "disinterested". "Anajali?" Ikiwa jibu ni hapana, andika "uninterested". Na usiku unaposikia jirani akimnong'ona mtu aliyejitolea, usiridhike na swali la kwanza pekee. Wahenga walituambia tenda wema nenda zako. Wasingesema hivyo kama hawakuamini kwamba wako watu wanaoweza kwenda zao.