Amana ya Uwanja Wazi

Mwezi Mei 2014 wakazi wa Berlin waliulizwa swali ambalo madiwani wa miji mingi hupenda kulimaliza wenyewe kwa wenyewe: je, serikali ya mji inaweza kuchukua sehemu ya bustani ya umma ikajenga nyumba za bei nafuu? Bustani yenyewe ni Tempelhof, uwanja wa ndege uliofungwa mwaka 2008 na kufunguliwa kwa umma mwaka 2010, wenye zaidi ya hekta 300 ndani kabisa ya mji. Njia mbili zilizotumiwa na ndege za kuleta chakula wakati Berlin Magharibi ilipozingirwa mwaka 1948 sasa ni za baiskeli na watoto. Serikali ilitaka kujenga nyumba zipatazo 4,700 pembezoni mwa uwanja, pamoja na maktaba kuu, na kuacha zaidi ya hekta 200 wazi katikati. Karibu asilimia 64 ya waliopiga kura wakaunga mkono sheria ya kukataza ujenzi wowote. Tangu mwaka 2023 serikali ya muungano ya vyama vya CDU na SPD imelirudisha suala hilo mezani, ikitaja uhaba wa nyumba, na uhaba huo ni wa kweli.

Mjadala wa namna hii, popote unapozuka, hugeuka upesi kuwa mashindano ya huruma. Upande mmoja unamtaja mama anayelala na watoto wanne katika chumba kimoja. Upande wa pili unataja miti, ndege na hewa safi. Katika mashindano hayo mti hauwezi kushinda, wala haustahili kushinda, kwa kuwa hakuna mwenye akili timamu atakayesema kivuli ni bora kuliko paa. Lakini madiwani hawakuulizwa kipi ni bora. Wameulizwa kama wana mamlaka ya kukitoa kimoja ili wapate kingine, na hayo ni mambo mawili tofauti. Nadai kwamba bustani ya umma ni amana. Aliyekabidhiwa amana ana haki ya kuitumia na wajibu wa kuitunza, lakini hana haki ya kuimaliza, hata kwa jambo jema, mpaka athibitishe kwamba kitakachochukua nafasi yake kitabaki kuwa cha watu walewale, na kwa muda uleule.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wamelifahamu wazo hili kwa karne nyingi. Mtu aliyeweka shamba la minazi wakfu kwa ajili ya mafukara alijua kwamba tangu siku hiyo shamba haliuzwi, halirithiwi wala halitolewi zawadi. Kinacholiwa ni nazi. Zanzibar hadi leo ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayosimamia mali za namna hiyo. Ukija mwaka wa njaa, msimamizi hana ruhusa ya kuuza shamba, ijapokuwa bei yake ingewalisha mafukara wote wa mwaka huo, kwa sababu wapo pia wa mwaka ujao na wa miaka mia ijayo, na hao hawawezi kuja barazani kujitetea. Wapo wanazuoni walioruhusu mali ya wakfu ibadilishwe na nyingine, ila kwa sharti kwamba inayokuja iwe na manufaa sawa au zaidi kwa walengwa walewale. Sharti hilo ndilo kipimo kinachohitajika Berlin.

Basi tukitumie. Nchini Ujerumani nyumba iliyojengwa kwa ruzuku ya serikali ili ipangishwe kwa bei nafuu hufungwa na masharti ya pango kwa muda tu, mara nyingi miongo miwili au mitatu. Muda ukiisha, mwenye nyumba anaweza kupandisha pango kuelekea bei ya soko. Mtu atajibu kwamba kampuni za nyumba zinazomilikiwa na mji wenyewe haziwezi kufanya hivyo. Ni jibu zuri, lakini lina historia nyuma yake. Mwaka 2004 serikali ya Berlin, ikiwa imeelemewa na madeni, iliiuza kampuni yake ya GSW, iliyokuwa na nyumba zipatazo 65,000, kwa wawekezaji binafsi kwa euro milioni 405 pamoja na madeni yake. Idadi hiyo ni zaidi ya mara kumi na tatu ya nyumba zilizopangwa kujengwa Tempelhof. Nyumba hizo baadaye ziliangukia mikononi mwa kampuni kubwa ya Deutsche Wohnen, na mwaka 2021 wapiga kura walio wengi wa Berlin wakataka nyumba za kampuni kubwa kama hizo zirudishwe kwa umma. Kwa maneno mengine, mji uliuza paa ulizokuwa nazo, kisha ukaja kuomba uwanja ili ujenge nyingine. Nyumba ina hati, ina ufunguo, ina mnunuzi. Hazina ya mji ikikauka, itauzwa, na hapo uwanja hautarudi. Kile kilichokuwa cha wote kitakuwa kimepita kwa maskini kwa muda mfupi tu kikielekea kwa tajiri.

Pingamizi zito kuliko mengine ni la mtu asiye na nyumba leo. Ukimweleza habari za vizazi vijavyo, atakuuliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini mjukuu wa mtu asiyemjua atangulizwe mbele ya mwanawe aliyepo. Dai lake ni la haki. Lakini ni dai juu ya mji mzima: juu ya viwanja vya kuegesha magari, supamaketi za ghorofa moja zenye paa bapa, ardhi ya reli isiyotumika, ofisi zilizokaa tupu, na juu ya mifuko ya walionufaika na kupanda kwa bei za ardhi. Kulielekeza dai lote kwenye bustani ni kumchagua mlipaji, na kwa kawaida anayechaguliwa ni yule asiye na wakili. Mtazame anayekuja Tempelhof siku ya Jumapili. Upande wa mashariki ni Neukölln, eneo la majengo ya ghorofa yaliyobanana, lenye familia nyingi zenye asili ya Uturuki na nchi za Kiarabu. Wanakuja na majiko ya mkaa na nyama ya kuchoma, watoto wanarusha vishada kwenye upepo usiozuiwa na jengo lolote, na wengine wanamwagilia mboga katika masanduku ya mbao waliyoyaunda kwa mikono yao. Katikati ya nyasi, msimu wa kutaga mayai, sehemu huzungushiwa uzio kwa ajili ya kipozamataza, ndege anayejenga kiota chake chini ardhini. Mwenye jumba lenye bustani yake kando ya ziwa Wannsee hatapungukiwa na kitu Tempelhof ikijengwa. Atakayepungukiwa ni mpangaji wa vyumba viwili, yuleyule ambaye inasemekana anajengewa.

Ni kweli pia kwamba wapo wanaojificha nyuma ya nyasi ili majirani wapya wasije. Na ni kweli kwamba uwanja ulipofunguliwa, pango katika mitaa ya Schillerkiez inayopakana nao lilipanda, hata baadhi ya wapangaji wa zamani wakashindwa kubaki. Hilo linaniuma. Lakini kosa liko kwenye sheria ya upangaji iliyomwachia mwenye nyumba faida ya uwanja ambao hakuulipia chochote. Dawa ni kumbana yeye.

Kuna anayeuliza kwa nini wapiga kura wa mwaka 2014 wawafunge mikono waliohamia Berlin baadaye, au wale ambao hawajazaliwa. Huenda hao watahitaji paa kuliko nyasi, nani amewauliza? Hakuna, na ndiyo sababu wanapaswa kuachiwa nafasi ya kuamua. Uwanja ulioachwa wazi unaweza kujengwa mwaka 2060 watu wa wakati huo wakiona inafaa, lakini uliojengwa leo hakuna atakayeweza kuubomoa akawaondoa maelfu ya watu majumbani mwao. Wala uwanja haukukaa bure huku watu wakiteseka. Mwaka 2016 bunge la Berlin lilirekebisha sheria ili pembezoni mwa uwanja yawekwe makazi ya makontena kwa wakimbizi, yakiwa na ukomo wa muda. Huko ni kuitumia amana bila kuimaliza, na sheria inayoitwa ngumu, baada ya marekebisho hayo, iliruhusu.

Mji wa Vienna unaonyesha kwamba paa na uwazi si maadui. Kuanzia mwaka 1923, chini ya mkuu wa fedha Hugo Breitner, mji huo ulitoza kodi maalumu ya nyumba, nyepesi kwa vyumba vya wafanyakazi na nzito kwa majumba ya kifahari, na kufikia mwaka 1934 ulikuwa umejenga nyumba zaidi ya 60,000. Karl-Marx-Hof, jengo lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na nyumba karibu 1,400, lilichukua takriban sehemu moja kwa tano ya kiwanja chake. Kwingine kote kukawa nyua na bustani. Jambo kubwa zaidi ni kwamba mji haukuziuza. Lakini nchini Kenya, ambako Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inamkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri naye anatoa kiasi kama hicho, nyumba zinazojengwa huuzwa kwa wanunuzi binafsi. Madiwani wa huko wakiletewa mpango unaogusa uwanja wa umma, waanze kwa kuuliza nyumba zitakuwa za nani baada ya mnunuzi wa kwanza.

Serikali ya Berlin ikileta sheria inayosema kwamba nyumba za Tempelhof hazitauzwa kamwe, kwamba pango lake halitaachiliwa baada ya miaka thelathini, na kwamba kila hekta itakayojengwa italipwa kwa hekta nyingine iliyo wazi, ambayo mtu wa Neukölln anaweza kuifikia kwa miguu, ningeunga mkono ujenzi huo. Kabla ya hapo, waanze na maegesho na supamaketi.