Nani Anajua Unachosoma?

Tukizungumza juu ya maktaba na watu wanaoishi na ulemavu, mazungumzo huanzia mlangoni na mara nyingi huishia hapo hapo. Kuna njia ya kiti cha magurudumu? Kuna lifti? Mlango wa choo ni mpana? Ni maswali ya lazima, siyadharau. Ila kuna swali jingine ambalo sisi tunaoingia kwa miguu na kusoma kwa macho huwa hatuna haja ya kujiuliza: nani anajua unachosoma?

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo, na mambo mengine ambayo si ya leo. Mwaka uliofuata maktaba ya umma ndiyo iliyonibeba. Nilisoma kila kitu: vitabu vya uchumi ambavyo nusu yake sikuelewa, riwaya, na kitabu kimoja kuhusu msongo wa mawazo nilichokifunika na gazeti ili jirani wa mezani asione jalada. Hakuna aliyeniuliza nasoma nini wala kwa nini. Vitabu vyenyewe labda ningeazima kwa watu. Ile hali ya kutoulizwa singeipata kwingine, si nyumbani, si kanisani, na hakika si kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa langu la zamani.

Sasa chukua msomaji yuleyule, lakini haoni. Kwenye meza ileile atahitaji mtu wa kumtafutia kitabu, mtu wa kumsomea nyuma ya jalada, na mara nyingi mtu wa kumsomea kitabu chote. Kitabu kuhusu msongo wa mawazo. Au kuhusu talaka, au Ukimwi, au kuacha dini. Yeye atakisoma mbele ya shahidi.

Nina rafiki asiyeona, tulijuana chuoni. Siku moja nilimsindikiza kwenye maktaba moja hapa Nairobi. Mhudumu alikuwa mkarimu sana, nasema bila kejeli. Alisimama, akavuta kiti, akaniangalia mimi na kuuliza, "Huyu anataka kitabu gani?" Rafiki yangu akajibu mwenyewe: "Nataka kuzunguka tu kwanza, mama." Yule mama akachanganyikiwa. Kuzunguka wapi tena? Si ataje tu jina la kitabu aletewe?

Katiba yetu ya 2010 ina kifungu cha 54 kuhusu watu wenye ulemavu. Kinataja kufikia maeneo, usafiri na habari, kinataja lugha ya ishara na nukta nundu, yale maandishi ya Braille. Lakini kabla ya hayo yote kinaanza na utu: mtu atendewe kwa heshima, na atajwe kwa namna isiyomshusha. Walioandika walijua "huyu anataka nini" inauma kuliko watu wanavyodhani.

Na huko kuzunguka ndiko nusu ya maktaba, yaani. Unaenda kutafuta historia ya Mau Mau, unarudi na kitabu cha ufugaji wa nyuki. Ukiletewa ulichokitaja tu, utasoma yale tu uliyojua tayari kwamba yapo. Kompyuta inayosoma orodha ya vitabu kwa sauti ingemwezesha kuzurura kwa masikio. Si ndoto: NVDA, programu ya kusoma skrini, ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia wasioona, na mpaka leo unaipakua bure. Kinachobaki ni kompyuta, kitu cha kusikilizia masikioni, na mtu wa kuamua kuiweka.

Hapo kwenye kuamua ndipo penye shida. Maktaba ya McMillan, pale Banda Street, ilifunguliwa mwaka 1931 na ikawa ya Wazungu pekee hadi 1958. Sisi wa Nairobi tunaisimulia hadithi hiyo kwa uchungu kila tukipita wale simba wawili wa mbele, na tuna haki. Lakini tazama pia kilicho kati ya simba hao. Ngazi. Ubaguzi wa rangi ulikuwa kanuni, na kanuni watu wanaweza kuipinga, kuipigia kelele, hatimaye kuifuta kwenye kikao. Hizo ngazi hazikuwekwa ili kumfungia nje mtu wa kiti cha magurudumu. Sidhani kuna aliyemfikiria hata kidogo. Kati ya kukatazwa na kusahauliwa, sijui kama kusahauliwa ni afadhali. Anayekukataza ana hoja, hata kama ni ya kijinga, na hoja utaijibu. Aliyekusahau utabishana naye kuhusu nini?

Anachobaki nacho huyo ni jibu moja, nimelisikia zaidi ya mara moja: "Lakini hawa watu huwa hawaji." Na ukitaka takwimu atakupa. Sensa ya 2019 ilihesabu asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka 5 na zaidi kuwa na ulemavu. Wachache, si ndio? Ni zaidi ya watu 900,000. Halafu tangu lini maktaba ikaendeshwa kwa wingi wa wateja? Kama ni hivyo tungefunga rafu za ushairi kesho asubuhi. Mtu haji mara ya pili mahali ambapo mara ya kwanza alibebwa mgongoni kupandishwa ngazi huku watu wakimwangalia.

Viziwi nao hukutana na shahidi kwa njia yao. Lugha ya Ishara ya Kenya si Kiswahili kilichohamia mikononi, ina sarufi yake, na kwa aliyelelewa nayo Kiswahili cha kuandikwa ni lugha ya pili. Kwa hivyo mezani kwa mkutubi asiyejua ishara hata moja, kiziwi anaandika kwenye karatasi kwa lugha ya kuazima, au anakuja na mkalimani. Na kama anachotafuta ni kitabu cha uzazi wa mpango, tayari wako wawili wanaojua.

Ninajua kuna mtu anasoma hapa akisema: bana, hizi ni fikra za kujitenga. Kwetu mtu ni watu, kusaidiwa si aibu. Nakubaliana naye zaidi ya anavyodhani. Hakuna anayejitegemea kabisa. Taa za maktaba zimewekwa kwa ajili ya nani? Rafiki yangu hazihitaji. Viti je? Anayekuja kwa kiti cha magurudumu amekuja na chake. Msomaji anayeona na kutembea anagharamiwa mchana kutwa, ila msaada wake sisi tumezoea kuuita jengo.

Lakini huo umoja wetu nao tuuseme wote. Nyanya yangu hakujua kusoma. Barua za babu kutoka Mombasa zilisomwa na mtoto wa jirani aliyekuwa shuleni, na kabla ya jioni kijiji kizima kilijua ni pesa ngapi zimetumwa na nani hakutajwa kwenye salamu. Baadaye nyanya akawa anatembea hadi ng'ambo ya mto, kwa mtoto wa dadake, kwa sababu yule hakuwa na domo. Hakukataa kusaidiwa. Alitaka kuchagua wa kumsaidia, na alikuwa tayari kuchoka kwa ajili ya hilo. Mtu ambaye hawezi kuchagua anabaki na yeyote aliyeko zamu siku hiyo, na lazima amshukuru.

Sheria imeshajongea upande wa huyo msomaji. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 unaruhusu taasisi kama maktaba kugeuza kitabu kuwa nukta nundu, sauti, au faili linalosomwa na simu, bila kwanza kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki. Kenya ilijiunga mwaka 2017, na sheria yetu ya hakimiliki ikarekebishwa 2019. Imebaki kazi ya mikono, na inafaa ifanywe sawasawa. Kitabu kikipigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kutupwa mtandaoni, programu ya kusoma skrini inafika pale na kunyamaza, kwa sababu kwake hizo ni picha tu. (Wanaobandika mashairi Instagram kama picha bila maandishi, mnasikia?) Nukta nundu nayo inataka nafasi. Biblia moja hujaza rafu nzima. Na inataka pia chumba ambacho mtu anaweza kusoma au kusomewa kwa sauti bila kuambiwa "shhh", maana sheria ya ukimya tulijitungia sisi wa macho.

Kuna kitu rafiki yangu aliniambia ambacho bado kinanizunguka kichwani. Alipokuwa shule ya upili, mwalimu mmoja alijitolea kumsomea riwaya kila Alhamisi baada ya masomo. Riwaya ilichosha kupita kiasi. Kufikia sura ya pili alishajua, lakini utamwambiaje mtu aliyekupa jioni yake kwamba hutaki? Akasikiliza muhula mzima na kusema asante kila Alhamisi. Nilicheka. Kisha nikafikiria vitabu vyote nilivyoviacha katikati bila kumwomba mtu radhi, na jinsi kuviacha huko kulivyonifunza ninachopenda.

Siku hizi anasoma kwa simu ndani ya matatu, sikio moja kwenye kitabu, jingine linamsubiri makanga ataje steji. Wiki jana nilimwuliza yuko kwenye kitabu gani.

"Inakuhusu nini?" akasema, akaendelea kusikiliza.