Haki ya Kipunji

Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwa muda mrefu elimu ya wanyama imeifuata methali hii kwa vitendo. Kiumbe mgeni kwa wataalamu aliuawa kwanza, ngozi na fuvu vikahifadhiwa katika jumba la makumbusho, ndipo akapewa jina. Je, ni halali kuutoa uhai ili kuujua?

Suala hili liliibuka upya kwa sababu ya kima wa misitu ya milimani, Tanzania. Mwaka 2003 wawindaji wa Kinyakyusa waliwasimulia watafiti habari za kipunji, kima mwenye haya aishiye Mlima Rungwe. Watafiti walidhani huenda ni mnyama wa ngano. Mwaka huohuo wakamwona. Mwaka 2004 watafiti wengine wakamkuta katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa. Alipotangazwa mwaka 2005, jina la wawindaji lilibaki, na ushahidi uliotolewa ulikuwa picha ya dume aliye hai. Watafiti walikataa kumwua mmoja kati ya wachache.

Wapinzani hawakukosa hoja. Picha haina meno ya kulinganishwa wala nyama ya kupimwa nasaba, na aliyetambuliwa kwa sura tu huenda akawekwa pasipo pake. Ndivyo ilivyokuwa. Kipunji mmoja alikufa katika mtego wa mkulima. Mwili wake ulipochunguzwa, ikabainika mwaka 2006 kwamba astahili jenasi yake peke yake, Rungwecebus.

Je, wapinzani walishinda? Mwili ulisema yale ambayo picha haikuweza kuyasema, hilo halikanushiki. Lakini kuyapokea mauti yaliyokwisha kutokea si sawa na kuyaagiza. Mkulima alikuwa akilinda chakula chake. Mtafiti angekuwa akilinda nini, ila haraka yake? Kosa la elimu lilisahihishwa baada ya mwaka mmoja tu. Uhai haungerudishwa, na hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kipunji 1,117 duniani kote.

Jina, basi, halikuwa haki aliyoidai mnyonge huyu. Alikuwa nalo tangu zamani, vinywani mwa wawindaji, kabla ya kitabu chochote kuliandika. Haki yake ya kwanza ilikuwa kutonyongwa.