Usitembee kwa Miguu ya Kuazima

Mwanangu, weka simu chini kidogo, chai inapoa. Jana usiku nilipita mlangoni kwako nikakusikia unakariri. Unapenda kutembea bustanini kila jioni, ulisema. Unavuta hewa safi, unasikiliza ndege, akili inatulia. Kiingereza chako kilikuwa kizuri. Nilisimama pale ukutani nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikakatika. Bustani ile naijua. Nami niliwahi kujidai natembea humo, na ilinigharimu.

Najua una haraka. Ada ya mtihani umeshalipa, na si ndogo. Siku zinahesabika. Lakini nipe muda wa kikombe kimoja tu.

Mwaka 2003 nilikuwa na miaka 38, mwalimu wa sekondari, nimepata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza. Kilichobaki kilikuwa IELTS, mtihani huuhuu wa Kiingereza unaokunyima usingizi. Chuo kilitaka nisipate chini ya alama 6 katika kusoma, kuandika, kusikiliza na kuzungumza. Matatu ya kwanza hayakunitisha. La nne nililidharau. Nilisema, mimi nazungumza darasani kutwa nzima, nitashindwaje kuzungumza na mtu mmoja kwa dakika 11 hadi 14?

Nikafanya kama unavyofanya wewe. Mwenzangu mmoja alinipa kijitabu cha majibu, kimetolewa fotokopi mpaka herufi zimefifia. Nikakariri majibu arobaini. Nilikariri jikoni, nilikariri ndani ya daladala. Mama mmoja tuliyekaa naye kiti kimoja alihama. Nadhani aliogopa.

Siku ikafika. Chumba kidogo, meza, kinasa sauti, na mtahini. Alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye ncha ya pua. Sehemu ya kwanza ni ya dakika 4 au 5, maswali ya maisha ya kawaida: kwenu ni wapi, unafanya kazi gani, unapenda kupika? Akaniuliza kama huwa natembea sana. Nilifurahi kama mtu aliyeokota hela. Jibu hilo ninalo! Nikalimwaga lote. Natembea kila jioni kandokando ya bwawa la bustani, bata wanaogelea, mbwa wangu yuko pembeni. Mbwa, mwanangu! Mimi niliyelelewa katika nyumba ambayo mbwa akichungulia mlangoni, bibi anashika fagio.

Yule mama hakucheka. Alisikiliza, kisha akauliza lililofuata: nilipokuwa mtoto, nilikuwa nikitembea sana? Swali hilo kijitabuni halikuwamo.

Nikanyamaza. Hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu wakati ule sikukosa Kiingereza. Maneno ya kulijibu swali lile nilikuwa nayo, na jibu lenyewe nilikuwa nalo nyayoni. Kwetu ni milimani, juu ya Soni, ile barabara ipandayo kutoka Mombo kwenda Lushoto. Nilikwenda shule peku, alfajiri, ukungu umefunga mpaka unamsikia mwenzako kabla hujamwona. Siku za soko nilimsindikiza mama. Yeye tenga la mapeasi kichwani, mimi kikapu kidogo nyuma yake, tunashuka njia ya utelezi. Mama alikuwa akinyoosha kidole gumba cha mguu wake na kukichimbia kwenye udongo kabla ya kuweka uzito. Hakunifundisha kwa maneno. Nilimtazama tu, nikafanya vilevile.

Haya yote yalinijia pale mezani. Nikaona aibu. Nikajiambia, huyu Mzungu ataniona masikini. Basi nikamjibu kwamba hapana, sikutembea sana, baba alikuwa na gari.

Baba yangu hakuwa hata na baiskeli. Alikuwa na jozi moja ya viatu vya Ijumaa, na alifariki navyo vikiwa bado vina rangi. Nilimpa marehemu gari ambalo hakuwahi kulipanda. Na uongo, mwanangu, una njaa. Ukishaupa neno moja unadai mengine. Sasa ilinibidi niseme la gari lile, na msamiati wa gari sikuwa nao. Nikagugumia, nikarudia, nikarudi bustanini kwa mbwa wangu. Majibu yakaja, nimepata 5 kwenye kuzungumza. Nafasi ile ikaenda kwa mwingine.

Nililaumu mtihani. Nililaumu lafudhi ya yule mama. Nilichelewa sana kujilaumu.

Baadaye ndipo nilipokaa nikasoma jinsi wanavyosahihisha. Wanatazama mambo manne, kila moja lina robo ya alama: unavyotiririka na kuunganisha maneno, msamiati wako, sarufi yako, na matamshi yako. Soma tena uone. Hakuna robo ya utajiri. Hakuna alama ya kuwa na bustani wala ya kutokuwa na viatu. Mtahini hataki kuijua miguu yako. Anataka kukusikia ukizungumza, na kakupa jambo jepesi ili usihangaike kutafuta la kusema. Wewe ndiye unayeligeuza kuwa zito. Na aliyekariri anajulikana. Sauti yake inakwenda bapa kama anayesoma tangazo, kisha swali likigeuka kidogo anakwama katikati ya njia. Wazee wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri. Neno linalofuata unalijua, sitalisema mezani.

Sasa nikuoneshe mashimo niliyoangukia, wewe uyaruke.

La kwanza ni hili neno letu kutembea. Kiswahili kinalibebesha mizigo mingi. Ukienda sokoni umetembea, ukienda kwa shangazi umemtembelea, na likiongezwa neno dogo linakuwa jambo la kuulizana na mkeo. Kiingereza kinagawa. Kuna neno la kwenda tu kwa miguu, la kuranda polepole jioni, la kupanda milima na mkoba mgongoni. Huhitaji yote. Chukua matatu, uyajue kama unavyozijua sufuria zako.

La pili: usiseme unakwenda kazini «by legs». Najua unakotoa, kwa miguu. Mimi nilisema hivyo miaka na wanafunzi wangu wakanifuata. Wao husema «on foot», mguu mmoja tu, usiniulize mwingine umebaki wapi.

La tatu: midomo yetu inachanganya kutembea na kufanya kazi. «Walk» na «work» tukizisema haraka zinakuwa ndugu mapacha. Ukimwambia mtahini kwamba kila asubuhi unafanya kazi na rafiki yako mpaka ufukweni, atashangaa ni kazi gani hiyo. Kwa «walk» fungua koo, sauti ya o, na ile l usiiguse kabisa. Simama mbele ya kioo, sema yote mawili, tazama mdomo.

La nne ni wakati. Ukiulizwa ulivyokuwa mtoto, rudi utotoni na vitenzi vyako. Wana «used to» yao kwa jambo lililokuwa desturi na sasa limekwisha. Itumie hapo, inakaa vizuri. Na chunga «he» na «she», mama yako asigeuke mwanamume. Kiswahili kinatosheka na «a-» kwa wote, baba na mama, ndiyo maana ulimi unateleza.

La tano linaniuma kulisema, kwa sababu sisi wazazi ndio tuliolipanda. Tulikufundisha kwamba mtoto mwenye adabu akiulizwa na mkubwa anajibu kwa ufupi, macho chini. Ndiyo, mama. Hapana, baba. Kwa jirani ni heshima. Kwa mtahini ni sufuria tupu, hana cha kuonja. Mtazame usoni. Mpe jibu kwanza, maana sisi tuna tabia ya kuzunguka kama tunaomba mchumba. Kisha mpe sababu, kisha mfano mdogo wa kwako. Sentensi tatu, nne, zinatosha. Usipomsikia, mwombe arudie. Siyo dhambi.

Nilirudi kwenye mtihani mwaka uliofuata. Kijitabu nilikwisha kuwashia jiko. Badala yake, kila asubuhi nikienda shuleni kwa miguu nilijiuliza swali moja na kulijibu kwa Kiingereza, nikihadithia ninachokiona kweli: mwenye toroli la maji, mfereji uliobomoka, kivuli cha mwembe. Siku nyingine nilitoa sentensi mbili tu mpaka nafika. Nilikuwa mwepesi wa kukata tamaa wakati ule. Kilichonisaidia ni kwamba njia ilikuwa ndefu na sikuwa na mtu mwingine wa kuongea naye.

Na je, waliniuliza habari za kutembea? Hawakuniuliza. Niliulizwa nilikozaliwa. Kisha sehemu ya pili ikaja, ile ya kadi: unapewa karatasi, penseli na dakika 1 ya kujiandaa, halafu unasema peke yako mpaka dakika 2. Kadi yangu ilitaka nimsimulie mtu aliyenifundisha jambo. Nikaandika neno moja: kidole gumba. Nikamsimulia mama na njia ya utelezi. Katikati nikamwita mama «he». Nikajisikia, nikajisahihisha, nikacheka, nikaendelea. Dakika zangu mbili zikaisha bado tuko njiani, hatujafika sokoni. Nilipata 7.

Ndiyo maana nakuambia, ukikariri jibu la bustani una jibu moja. Ukiikumbuka njia yako vizuri, utaitumia kwa swali la utoto, la mama, la hali ya hewa, la chakula.

Hatimaye nilipofika Uingereza ndipo nilipoelewa kwa nini wanapenda kuuliza habari za kutembea. Kwetu mtu anatembea kwa sababu anakwenda. Ukimwona anazurura bila shughuli, tunasema mtembezi hula miguu yake. Jirani yangu mmoja, mzee mstaafu, alinialika Jumapili twende tukatembee. Nikamuuliza, twende wapi? Akasema, tutazunguka turudi hapahapa. Nilidhani anatania. Tulizunguka kwa saa tatu kwenye mvua. Njiani akaniambia kwamba hata wao ruhusa ya kutembea hivyo hawakupewa bure. Mwaka 1932 vijana wengi wa viwandani, Manchester na miji ya jirani, walipanda mlima wa Kinder Scout ambao wenyewe matajiri waliufunga kwa ajili ya kuwinda ndege. Watano walifungwa jela. Sheria ya hifadhi za taifa ikaja mwaka 1949. Kutembea bila shughuli, ambako bibi yangu angekuita uvivu, watu walikwenda jela kwa ajili yake.

Nami nikamwambia habari ya Mwalimu Nyerere. Baba alikuwa akinisimulia: mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Rais wa nchi alitoka Butiama akaenda Mwanza kwa miguu, zaidi ya kilomita 200. Yule mzee akasimama kwenye mvua. Rais? Kwa miguu? Nikasema ndiyo. Nilipoisema habari ile kwa Kiingereza changu cha Soni, nikajisikia mrefu. Nikakumbuka gari la baba, nikaona aibu upya, safari hii aibu iliyo sahihi.

Haya utayahitaji sehemu ya tatu, wanapokuuliza mambo mapana. Kwa nini watu wa mijini hawatembei? Serikali ifanye nini? Hapo usiende Ulaya kutafuta mfano. Wewe unapita Morogoro Road kila siku. Sema jinsi ilivyokuwa kabla ya mabasi ya mwendokasi kuanza mwaka 2016, na jinsi ilivyo sasa na njia zake za waenda kwa miguu. Sema pikipiki zinavyopanda juu ya njia hizo. Unalijua jambo hili kwa sababu juzi pikipiki moja nusura ikugonge, na ulirudi hapa ukalieleza kwa robo saa bila kupumua. Kama ungelieleza vile kwa Kiingereza, hata kwa makosa kumi, ningelala usingizi.

Maliza chai. Sikukatazi kusoma, soma. Lakini hayo majibu ya kwenye simu yafute leo. Kesho alfajiri vaa viatu, tutakwenda mpaka sokoni, mimi na wewe. Nitakuuliza kwa Kiingereza, utanijibu unachokiona. Goti langu la kushoto linauma siku hizi, kwa hiyo tutakwenda taratibu.