Dhamana ya Umma na Kiwanda Kinachofilisika

Katika lugha yetu neno dhamana lina uzito. Amdhaminiye mwenziwe hujua kuwa deni lisipolipwa, mlango utakaobishwa ni wake. Je, serikali inayo haki ya kumdhamini tajiri kwa kodi ya wasio na kitu? Swali hili tutalitazama kule Marekani, katika viwanda vya magari vya Detroit, kwani huko limejibiwa kwa vitendo mara mbili.

Mwaka 1979 kampuni ya Chrysler ilikuwa imeelemewa na hasara. Mkuu wake, Lee Iacocca, alikwenda Washington kuomba msaada, na Januari 1980 Rais Jimmy Carter akatia sahihi sheria ya kuidhamini mikopo ya kampuni hiyo hadi dola bilioni 1.5. Serikali haikusimama nyuma ya mkopaji bure. Wafanyakazi walikubali kupunguziwa ujira, mabenki yakalegeza madai yao, na serikali yenyewe ikapewa haki ya kununua hisa za kampuni baadaye kwa bei iliyokwisha kupangwa.

Mwaka 1983 Chrysler ilimaliza kulipa mikopo hiyo, miaka saba kabla ya wakati. Bei ya hisa zake ilikuwa imepanda sana. Hapo ndipo lilipozuka jambo ambalo kwetu sisi ni kiini cha mjadala wote: kampuni iliiomba serikali iiachie ile haki ya hisa. Serikali ilikataa, ikaipiga mnada, na Chrysler yenyewe ikainunua kwa dola milioni 311 hivi. Wapo walioona kuwa huo ulikuwa uroho. Sisi hatuoni hivyo. Kama Chrysler ingalianguka, hakuna ambaye angalimwomba mlipa kodi ruhusa ya kumtwika hasara. Basi kwa nini aombwe adabu siku ya faida?

Wasemao kuwa kiwanda kilichoshindwa kiachwe kife, kama lifavyo duka la mtu asiyejulikana na waziri yeyote, wana hoja nzito. Lakini kiwanda cha magari hakifi peke yake. Mwaka 2008, General Motors na Chrysler zilipokuwa ukingoni, mkuu wa Ford, Alan Mulally, aliwatetea washindani wake mbele ya Bunge, ingawa Ford haikuuchukua mkopo ule wa dharura. Alijua kuwa wenye kutengeneza vipuri waliwauzia wote, na kwamba wakianguka hao, Ford nayo ingesimama. (Wakuu hao watatu walikuwa wamekwenda kuomba fedha za umma kwa ndege za binafsi, wananchi hawakulisahau hilo.)

Desemba 2008 Rais George W. Bush alizitengea kampuni hizo mbili dola bilioni 17.4. Mwaka uliofuata, chini ya Barack Obama, zote mbili zilipitia mahakama ya ufilisi, na serikali ikamiliki takriban asilimia 60 ya General Motors mpya. Ilipouza hisa zake za mwisho, Desemba 2013, ilikuwa imepoteza dola bilioni 11 hivi katika kampuni hiyo. Ajira nyingi ziliokoka, nasi hatuwezi kuiita hasara hiyo ubadhirifu.

Linalotusumbua ni jingine. Delphi, kampuni ya vipuri iliyotengwa na General Motors mwaka 1999, nayo ilikuwa imefilisika. Pensheni za wafanyakazi wake ziliangukia mikononi mwa shirika la umma la kudhamini pensheni, ambalo malipo yake yana kikomo. Wastaafu wa chama kikubwa cha wafanyakazi walifidiwa na General Motors kwa mujibu wa mapatano ya zamani. Wastaafu wa ofisini na wasimamizi, wapatao 20,000, hawakuwa na mapatano hayo, na wengi wao wakakatwa sehemu ya malipo waliyoyatumikia maisha yao yote. Nao pia walikuwa walipa kodi. Walikwenda mahakamani kudai haki kwa zaidi ya miaka kumi, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza rufani yao.