Mjane Alirudi Tena

Mjane wa Luka 18 hakungoja nyumbani. Alimrudia kadhi mpaka akasikizwa. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada, ndugu zetu wa Homa Bay na Migori wanaotumia ARV walishikwa na hofu. Tulifunga, tukakesha. Vizuri. Lakini kwenye kikao cha wananchi cha bajeti ya kaunti nilihesabu washirika wetu wanne tu, na mimi mwenyewe nilifika nimechelewa! Kisichoandikwa kwenye bajeti hakilipwi. Mwaka 2001, kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi afya asilimia 15 ya bajeti zao. Nani atawakumbusha? Kikao kijacho twende na swali moja: pesa za dawa ziko ukurasa gani? Gari la kanisa litaondoka saa mbili asubuhi.