Nguo za Mtoto Ambaye Hajazaliwa



Katika familia zetu hapa Qurayyat kuna swali linalorudi kila dada mmoja anapopata ujauzito. Cherehani ipo, kitambaa kimeshanunuliwa, na mikono inatamani kazi. Je, ni vema mama ashone nguo za mtoto kabla mtoto hajazaliwa? Mmoja wetu husema ni busara kujiandaa. Mwingine, na mara nyingi ni mama au shangazi anayepiga simu kutoka nyumbani, husema: usishone, usinunue, ngoja kwanza tumsikie akilia. Swali laonekana dogo, la wanawake na vitambaa vyao. Lakini ndani yake limo swali linalotuhusu sote, wanaume kwa wanawake: mtu anaweza kutumaini kiasi gani bila kumjaribu Mungu?

Kwanza, tusiwacheke wazee wetu. Wengi wetu tumelelewa na onyo hilo, ingawa tumetoka makabila na nchi mbalimbali. Wala si letu peke yetu: Wayahudi wengi wenye asili ya Ulaya ya Mashariki nao hawaleti vitu vya mtoto nyumbani kabla hajazaliwa. Onyo la namna hii halikuzaliwa na ujinga. Limezaliwa na makaburi madogo. Bibi zetu waliona mimba zikiharibika, waliona watoto wakiondoka kabla ya kupewa jina, na wakajifunza kuulinda moyo kwa kuuzuia usikimbilie mbele. Hata leo hatari haijaisha. Utafiti wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Anayesema "ngoja kwanza" huenda anakumbuka jambo ambalo hajawahi kulisimulia.

Pia lipo Neno. Yakobo 4:13-15 inawaonya wale wanaopanga safari, biashara na faida ya mwaka mzima kana kwamba kesho iko mfukoni mwao. Hapa Oman tunaisikia maana ya fungu hilo kila siku, kwa kuwa jirani zetu hawataji jambo la kesho bila kusema Inshallah, nasi tunajibu, Mungu akipenda. Basi mama anayepanga vijinguo kwenye sanduku mwezi wa saba, je, si sawa na wafanyabiashara wale?

Tukilisoma fungu hilo kwa utulivu tunaona kwamba Yakobo hakukataza kupanga. Alikemea majivuno. Hasemi mtu asisafiri. Anasema asafiri akijua uhai wake ni wa nani. Tofauti kati ya tumaini na majivuno haiko kwenye kitendo cha mikono, maana mikono inaweza kushona mshono uleule kwa mioyo miwili tofauti. Moyo mmoja husema, "Nimeshajiandaa, sasa lazima nipewe." Mwingine husema, "Sijui kama nitapewa, lakini ukija utakuta umengojewa."

Hebu tumtazame Mariamu. Luka anatuambia kwamba pale Bethlehemu hapakuwa na nafasi kwa ajili yao. Chumba hakikuandaliwa, kitanda hakikuandaliwa, mtoto akalazwa mahali pa kulia mifugo. Lakini nguo za kumvika zilikuwepo. Luka hasemi zilitoka wapi. Sisi twajua tu kwamba msichana aliyetoka Nazareti akiwa na mimba, safarini, mbali na mama yake na shangazi zake, alikuwa na kitambaa cha kumfunga mwanawe saa ilipofika. Na malaika alipowapa wachungaji alama ya kumtambua Mwokozi, alitaja nguo hizo pamoja na hori (Luka 2:12). Hori inatuonyesha jinsi ulimwengu ulivyokosa kujiandaa. Nguo zinatuonyesha kwamba kulikuwa na mtu mmoja, angalau, aliyemngoja. Sisi tunaojifungua ugenini tunaielewa hadithi hii kwa namna yetu.

Kujiandaa kuna faida nyingine inayoonekana kwa macho. Mtoto anapozaliwa amelowa, na mwili wake mdogo hupoteza joto upesi, hata katika nchi ya joto. Mkunga anahitaji kitambaa safi na kikavu cha kumfuta mara moja, na kingine cha kumfunika akiwa kifuani kwa mama yake. Ndiyo maana kliniki za kwetu humfundisha mjamzito kuandaa mapema kanga au vitenge safi, pamoja na nauli na mtu wa kumsindikiza. Dakika ile haina nafasi ya kukimbilia dukani. Tukisema "Mungu atatunza" huku tumekataa kuandaa kitambaa, tunamwachia Mungu kazi ambayo ametupa mikono ya kuifanya.

Baada ya hapo anaingia katika joto la Qurayyat. Mwishoni mwa Juni 2018 mji wetu huu wa wavuvi ulitajwa duniani kote, kwa sababu kwa saa 24, usiku na mchana, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Wenye watoto wadogo hapa hawahitaji kuambiwa maana yake. Nguo nyingi za watoto zinazopendeza dukani zimechanganywa nailoni, nazo hushika jasho na kumtoa mtoto vipele. Mama anayeshona mwenyewe huchagua pamba nyepesi, huifua kwanza ili irudi na kulainika, hugeuza mishono itazame nje isimkwaruze, hufungua mbele ili asimvute mtoto kichwa, na hutumia kamba fupi ubavuni badala ya vifungo vinavyoweza kung'oka na kuingia mdomoni. Hakuna majivuno katika hayo yote. Ni kumfikiria mtu mwingine, mahali atakapolala na ngozi atakayokuwa nayo, kabla hujamwona uso. Upendo mwingi wa wazazi ni wa namna hiyo.

Gauni la mjamzito mwenyewe nalo lina la kutufundisha. Anayejua kushona hakati kitambaa kwa kipimo cha leo. Huweka marinda chini ya kifua, hutia lastiki, na huacha akiba ya kitambaa ndani ya mishono ili nguo iweze kufumuliwa na kupanuliwa. Hajui mwili utafika wapi, kwa hiyo anaacha nafasi. Tunadhani hiyo ndiyo picha nzuri ya tumaini la Kikristo. Anayekataa kushona kabisa ameacha tumaini kwa kuogopa. Anayeshona kwa kubana, kana kwamba ameshapima kesho, amelipoteza kwa kujivuna. Yule anayeshona na kuacha akiba ameliweka tumaini mahali pake.

Lakini wapendwa, itakuwaje mtoto asipokuja? Tusilikwepe swali hili, kwa kuwa katika kila usharika yupo mama mwenye sanduku ambalo halifunguliwi. Hapo ndipo onyo la wazee linapoweza kugeuka mkuki. Mtu husema kwa sauti ya chini, "Si tulimwambia asishone?" Neno hilo si la kweli, na tena ni la kikatili. Hakuna uzi uliowahi kuharibu mimba. Mungu wetu si mwenye kuvizia furaha ya mtu ili aikate. Hao wenzetu walishona kwa upendo, na upendo huo haukuwa uongo kwa sababu umekosa wa kuvaa. Mtoto yule aliishi siku zake zote, hata kama zote zilikuwa tumboni, akiwa anangojewa. Si kila mtu aliyeishi miaka 80 anaweza kusema hivyo.

Kwa hiyo yapo mambo mawili ya kuepuka. Tusiende kwa mama huyo na maelezo ya kwa nini imetokea. Na tusimharakishe kuzigawa nguo zile. Atazitoa akiwa tayari, au hatazitoa kamwe, na yote mawili ni haki yake. Kazi yetu ni kupika, kuosha vyombo, kukaa naye, na kulitaja jina la mtoto kama alimpa jina.

Tumkumbuke pia Hana. Mwaka baada ya mwaka alimshonea Samweli kanzu ndogo na kumpelekea kule alikokaa, mbali naye (1 Samweli 2:19). Bila shaka kila mwaka ilibidi akisie mtoto amekua kiasi gani. Dada zetu wengi walio Oman wanalijua kisio hilo. Wapo wanaolea na kuwavisha watoto wa nyumba wanazofanyia kazi, huku wa kwao wako Mombasa, Tanga au Jinja, na kipimo cha gauni hutumwa kwa simu. Nguo wanayotuma ni sawa na ile ya mjamzito: imeshonwa kwa mtu asiyeonekana, kwa imani kwamba itamfaa. Dada huyo asiambiwe kwamba ameacha watoto wake. Hana hakumwacha Samweli.

Tunaishi pia mahali ambapo mama wajawazito hawako katika hali moja. Sheria ya Kazi ya 2023 iliongeza likizo ya uzazi kutoka siku 50 hadi siku 98, nasi tunashukuru. Lakini sheria hiyo haiwahusu wafanyakazi wa majumbani. Mmoja wetu anaweza kukaa miezi mitatu na kichanga chake, na mwingine akawa anaficha tumbo chini ya dera pana kwa hofu ya kurudishwa kwao. Tukisema kwamba kushona ni kumwambia mtoto "umengojewa", basi na usharika useme hivyo kwa matendo. Dorkasi wa Yafa hakukumbukwa kwa mafundisho marefu. Wajane walisimama wakilia na kuonyesha nguo alizowashonea (Matendo 9:39). Mwenye cherehani na amshonee asiye nayo. Mwenye wari mbili za pamba zilizobaki asiziache kabatini. Na apewe mama kwa heshima, bila kuulizwa maswali mlangoni.

Basi kwa dada anayesitasita usiku huu, kitambaa kikiwa mapajani: ukitaka kungoja, ngoja, wala hakuna atakayekuona una imani haba. Ukitaka kushona, shona, na kila unapotunga uzi sema, Mungu akipenda. Sema kama mtu anayemkabidhi Baba kitu cha thamani. Yeye ndiye aliyewashonea wazazi wetu wa kwanza nguo walipokuwa wanatoka bustanini wakiwa na aibu (Mwanzo 3:21). Anaijua kazi hiyo.

Bwana awalinde wote wanaongoja, awafute machozi waliongoja wasipokee, na atufanye usharika ambamo kila anayekuja anakuta nguo yake iko tayari. Amina.